Mama Nukta na Mistari Thelathini na Saba

Katika kiwanda cha kuchapa vitabu alikofanya kazi miaka ishirini na sita, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote, kuanzia meneja hadi mfagiaji, walimwita Mama Nukta. Alikuwa msoma prufu, msaka makosa kabla kitabu hakijachapwa, na ilijulikana kwamba angeweza kusimamisha mashine nzima kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana mwisho wa aya. Wapo waliomwona msumbufu. Yeye aliwajibu kwamba kazi yake ni kama chumvi: ikiwepo haisifiwi, ikikosekana kila mtu anakuwa mpishi.

Kiharusi kilimkuta ana miaka sitini na moja, Jumatatu asubuhi, akichana nywele. Alinusurika. Mdomo ulirudi mahali pake baada ya miezi mitatu, mguu ukarudi nusu, na mkono wa kulia ukarudi kwa masharti. Ulishika, lakini ulitetemeka. Ulikwenda ulikotumwa, lakini ulifika umepitiliza kidogo. Mtaalamu wa mazoezi alimwonya asiuhurumie. "Utumie huohuo, mama," alimwambia. "Ukiuzoesha kupumzika, hutauamsha tena."

Binti yake wa pekee, nesi wa hospitali ya jirani, hakutaka hata kusikia habari ya mama yake kuishi peke yake. Alimchukua, akamleta kwake, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na nne. Lifti ilikuwapo, ila mlangoni ilikuwa imebandikwa karatasi yenye neno moja: "Inatengezwa". Siku alipopandishwa juu amekaa kwenye kiti, wanaume wanne wakihema, Mama Nukta aliliona lile neno akaomba kalamu aongeze silabi iliyokosekana. Binti alidhani ugonjwa umemchanganya akili.

Chumba alichopewa kilikuwa stoo. Walikisafisha, wakakipaka rangi, wakatia kitanda, meza na kiti. Dirisha lilitazamana na ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba aliweza kuhesabu matofali pale plasta ilipobanduka. Viyoyozi vitatu vilidondosha maji kutwa kwenye bati la chini. Ili aone anga ilimbidi ainame, aegemeze shavu kwenye kioo na kutazama juu, na kwa hali yake hilo halikuwa jambo la kufanya kila siku.

Mwanzoni alishuka chini mara mbili kwa wiki, akishikwa mkono. Baadaye ikawa mara moja. Kisha mguu ukateleza kwenye ngazi ya kumi na mbili. Hakuumia, lakini tangu siku hiyo kila alipotaja kushuka aliulizwa, "Unataka kwenda wapi, mama? Sema unachotaka, utaletewa." Na kweli aliletewa. Aliletewa mpaka akaishiwa vitu vya kutaka.

Mkwe wake aliuza pampu za maji. Kutwa alikuwa ofisini mbele ya kompyuta, akipanga oda na kujibu wateja. Alikuwa kijana mpole, hanywi, hapayuki, akiingia nyumbani anavua viatu mlangoni na kuja moja kwa moja kumwamkia. Yeye ndiye aliyefunga chuma cha kushikia chooni, na yeye ndiye aliyenunua kiti chenye mgongo mrefu. Majirani walimwambia Mama Nukta kwamba hakupata mkwe, amepata mwana wa kuzaa. Naye alikubali kwa moyo mmoja. Tatizo ni kwamba wema wa kijana yule haukuwa na breki.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Nukta aliliomba jembe, akanyimwa kwa heshima. Akisogelea vyombo, vimeshaoshwa. Akitaka kuchambua mboga, anaambiwa, "Pumzika, mama." Kilichomwokoa ni kiwanda. Meneja alikubali kumtumia vitabu kwa barua pepe avisome akiwa nyumbani, na mkwe, kwa furaha kubwa, akampa kompyuta yake ya zamani.

Hakumpa tupu. Kila aliposikia kuna programu ya bure inayoweza kumfaa mama, aliipakua na kuiweka. Moja ya kusoma maandishi kwa sauti. Moja ya kufinyaza faili zichukue nafasi ndogo, na nyingine ya kuzifinyaza zaidi. Ya kukagua virusi, na ya kukagua vile ambavyo ya kwanza imevikosa. Ya kuhifadhi nakala mbali, ya kugeuza picha, ya kutuma kwenye simu. Kila programu iliyoingia iliacha mstari wake kwenye ile menyu inayofunguka ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya.

Mtu akibofya hivyo juu ya faili hutarajia orodha fupi: nakili, badili jina, futa, basi. Ya Mama Nukta ilikuwa na mistari thelathini na saba. Alihesabu. Ilianzia ukingo wa juu wa skrini ikaishia ukingo wa chini, na miwili ya mwisho ilijificha mpaka uishushe. Kabla ya kufunguka, kompyuta iliganda kwa sekunde tisa. Kulikuwa na mstari wa kuandika faili kwenye CD, na kompyuta yenyewe haikuwa na pa kuingizia CD. Kulikuwa na mstari wa kuongeza kwenye orodha ya nyimbo, hata kama umebofya juu ya sura ya pili ya kitabu cha ufugaji.

Kwa mwenye mkono mzima hiyo ni kero ya kutikisia kichwa. Kwa mkono unaofika umepitiliza, ilikuwa hatari. "Nakili" ilibanwa katikati ya "Finyaza na ufute asili" na "Rudisha toleo la awali", kila mstari mwembamba kama punje ya mchele. Mama Nukta alikuwa akibofya, anasubiri zile sekunde tisa, anashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemshikilia kuku, kisha anateremka mstari kwa mstari bila kupumua. Akifanikiwa, jasho lilikuwa limeshamtoka. Na kwa siku moja ya kazi alihitaji menyu hiyo mara thelathini au arobaini.

Juu ya hayo kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakupenda kulitaja.

Kati ya programu zile ilikuwamo moja iliyomwezesha mkwe, akiwa kwake ofisini, kuiona skrini ya mama na kuigusa. Aliiweka kwa nia njema, ili mama akikwama asisubiri mpaka jioni. Siku ya kwanza Mama Nukta alidhani ni mkono wake. Alikuwa amekishikilia kishale cha kipanya juu ya mstari, akikusanya nguvu za kubofya, mara kishale kikamponyoka, kikateremka mistari mitatu, kikabofya, faili ikajinakili. Hapohapo simu ikalia.

"Usihangaike, mama," mkwe alisema kwa sauti ya mtu anayetabasamu. "Nimekufanyia."

"Ahsante, baba," alijibu. Angejibu nini?

Tangu hapo hakujua tena lini yuko peke yake. Akisimama kufikiria neno, kishale kiliweza kuja kumuuliza shida nini, kikizungukazunguka pale alipo. Akiandika barua kwa dada yake, aliandika kama mtu anayechunguliwa begani. Alitamani kumwambia mkwe aache, lakini mkwe haambiwi. Mwanao wa kumzaa unaweza kumkaripia asubuhi na jioni mkala pamoja. Mkwe ukimgusa pabaya, umemgusa na binti yako, na nyumba ni yake. Tena angesemaje? Kwamba anasaidiwa kupita kiasi? Wangesema fadhila za punda ni mateke.

Kile kitabu cha ufugaji kilikuwa kinahusu kuku wa mayai. Mwandishi alikuwa bwana mifugo hodari, ila tahajia haikuwa fani yake, na katika sura ya tatu nzima alikuwa ameandika "kufunga" palipotakiwa "kufuga". Kichwa cha sura kilisomeka "Faida za Kufunga Kuku". Ndani alimshauri anayeanza asifunge kuku zaidi ya hamsini kwa mara moja. Mama Nukta alicheka peke yake mpaka machozi, akasahihisha kila mahali, siku nane za kazi.

Siku ya kutuma, alibofya juu ya faili ili ainakili. Menyu ikaganda, ikafunguka, mkono ukapitiliza. Kikatokea kisanduku chenye swali refu kuhusu toleo la awali, Ndiyo au Hapana. Alishtuka, akaanza kuusogeza mkono kuelekea Hapana, taratibu, mkono ukikataa. Kabla hajafika, kishale kikaondoka chenyewe, kikabofya Ndiyo. Kisanduku kikafungwa. Simu haikulia siku hiyo. Labda mkwe alikuwa na mteja. Faili ilikuwa palepale, kwa jina lilelile. Akaituma kiwandani, akashukuru Mungu, akajilaza.

Kitabu kilitoka baada ya wiki sita. Sura ya tatu, kurasa kumi na nane, kila ukurasa juu kabisa, herufi nzito: Faida za Kufunga Kuku.

Meneja hakufoka, na hapo ndipo Mama Nukta alipoumia. Angefoka angejibiwa. Alipiga simu saa nne asubuhi, akaulizia afya, akaulizia mguu, akaulizia binti.

"Mama yangu, hakuna anayekulaumu," alisema mwishowe. "Umefanya kazi ya watu watatu maisha yako yote. Sasa umefika wakati upumzike."

Neno lilelile. Mama Nukta alitazama ukuta wa dirishani. Alikuwa amekwisha kuifungua ile faili, ameona ilivyorudi kama ilivyokuwa kabla hajaisahihisha, ameelewa kilichotokea. Sentensi moja ingetosha kumtoa lawamani. Lakini sentensi hiyo ingeanza na "mkwe wangu", na hakuwa tayari kumtaja mtu wa nyumbani kwa mtu wa nje.

"Nipe kimoja," alisema.

"Kimoja nini, mama?"

"Kitabu kimoja. Kikitoka na kosa hata moja, sitakupigia tena simu, wala wewe usinipigie."

Meneja alisikika akipekua karatasi. Kisha akasema kuna mwongozo wa mafundi umeme wanafunzi, kurasa mia moja na arobaini, wiki tatu. Alisema kwa sauti ya mtu anayemwachia mgonjwa afungue dirisha.

Alipokata simu, Mama Nukta alikaa muda mrefu mikono mapajani. Alijua kwamba macho yake ni mazima na Kiswahili chake ni kizima. Kitakachomwangusha ni ile menyu. Kwa hiyo akampigia Wino.

Wino alikuwa mpanga kurasa wa kiwandani. Alipata jina hilo enzi za kupanga herufi za risasi kwa mkono, alipokuwa hawezi kumpa mtu mkono bila kumwachia alama. Walikaa meza moja miaka kumi na tisa, wakigombana kuhusu nafasi baada ya koma.

"Wino, ile menyu ya kulia, kwangu ina mistari thelathini na saba."

"Dada, hiyo si menyu. Hiyo ni orodha ya mahudhurio."

"Inapunguzwaje?"

Alimweleza bila haraka, kama alivyozoea. Kuna programu ndogo, faili moja tu, inayoonyesha kila kitu kilichojibandika kwenye menyu, na mbele ya kila kimoja kuna kisanduku chenye tiki. Ukiondoa tiki, mstari unazimwa. "Unazimwa, haufutwi," alisisitiza. "Siku ukiuhitaji unairudisha tiki, unarudi. Na kabla ya kugusa chochote tunaweka alama ya kurejea, tukiharibu turudi tulikotoka. Sasa, huyo anayekutembezea kishale, tuanze na yeye."

"Nani kakwambia habari hiyo?"

"Uliniambia wewe, mwezi wa pili, ukajifanya unacheka."

Mama Nukta alikohoa. "Hiyo iwe ya mwisho."

"Kwa nini ya mwisho? Atakuona unavyofanya."

"Kwa sababu hiyo ina mwenyewe," alisema.

Wakachagua Alhamisi. Kila Alhamisi kuanzia saa tatu mpaka saa tano asubuhi mkwe alikuwa kwenye kikao cha mauzo, mahali ambapo hata simu huachwa nje. Binti alikuwa zamu ya mchana. Mama Nukta aliamka akajiona kama mtu anayekwenda kuiba, na kitu chenyewe cha kuiba kikiwa ni meza yake mwenyewe. Alimwitikia mkwe salamu yake, akamwombea kazi njema, akasikiliza viatu vyake vikishuka ngazi zote, mpaka mlango wa chini ukagongwa.

Saa tatu na dakika tano aliiegemeza simu kwenye bilauri, akaiweka sauti juu, na Wino akaanza.

Alama ya kurejea ilichukua robo saa. Kisha ile programu ndogo ikafunguka, na Mama Nukta akakata tamaa papo hapo, maana orodha ilikuwa na mistari zaidi ya mia mbili, mingi majina yasiyo na maana kwa binadamu.

"Usiisome yote," Wino alisema. "Kuna safu ya majina ya waliotengeneza. Zile za mfumo wenyewe, usiziguse hata kwa bahati mbaya. Panga kwa hiyo safu, uniambie zinazobaki."

Zilibaki thelathini na moja. Walizipitia moja baada ya nyingine, yeye akisoma, Wino akijibu zima au acha. Visanduku vilikuwa vidogo kuliko hata mistari ya menyu, ila Wino alimfundisha kutumia mishale ya kibodi na kitufe cha nafasi, na hapo mkono haukuwa na neno. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo kufanya jambo kwenye kompyuta ile bila kuushika mkono mmoja kwa mwingine. CD, zima. Nyimbo, zima. Picha ya ukutani, zima. Virusi ya kwanza, acha. Ya pili, zima. Kufinyaza, Wino alisema abakishe moja.

"Ipi?"

"Unayoitumia."

"Situmii hata moja."

"Basi zima zote, dada, unabembeleza nini?"

Alipofika "Rudisha toleo la awali" hakuusoma kwa sauti. Aliuzima, akaendelea.

Kwenye ule wa ishirini na sita skrini ikazimika. Picha zote zikatoweka, ukanda wa chini ukatoweka, ikabaki rangi ya samawati tupu. Mama Nukta aliondoa vidole kwenye kibodi. Alifikiria mwongozo wa mafundi umeme. Alimfikiria mkwe akirudi kuikuta kompyuta yake imekufa, akisema kwa upole kwamba hakuna shida, na kuichukua.

"Wino."

"Imekuwaje?"

"Haina kitu. Imekuwa kama karatasi."

"Usiguse. Subiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka irudi. Hesabu viyoyozi vyako."

Alihesabu matone. Alifika sitini na kitu, na picha zikaanza kurudi moja moja, na ukanda wa chini nao. Wino alicheka. Yeye hakucheka. Wakamaliza mitano iliyobaki, wakazima kompyuta, wakaiwasha.

Alibofya kulia juu ya mwongozo wa mafundi umeme. Menyu ilifunguka hapohapo, bila kuganda, mistari minane. Aliifunga, akaifungua tena. "Nakili" ilikuwa imekaa peke yake, juu yake mstari mwembamba wa kutenganisha, chini yake vilevile. Hata kama mkono ungepitiliza, ungepitiliza mahali pasipo na madhara. Mstari pekee ambao si wa mfumo, ukiacha ule wa virusi, ulisomeka "Omba msaada".

"Huo ndio wa mwenyewe?" Wino aliuliza.

"Ndio huo."

"Sikiliza, dada. Huo ukiuzima kama wengine, utakuwa umeondoa kibao tu, mlango bado upo. Ataendelea kuingia. Huo inabidi uondoe programu yenyewe. Na yeye atajua."

Ilikuwa saa nne na nusu. Mama Nukta alimshukuru, akamwambia hiyo ataifanya mwenyewe, akakata simu.

Hakuifanya mara moja. Alisimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi, hatua tano. Alikumbuka kile chuma cha chooni, na jinsi mkwe alivyopiga magoti siku nzima akitoboa vigae. Alitaka mtu amwambie kwamba anafanya vibaya, ili aache. Nyumba ilikuwa kimya. Akakaa, akafungua orodha ya programu, akaitafuta, akachagua kuiondoa. Kikaja kisanduku: una uhakika? Ndiyo, Hapana. Kibodi aliisahau. Akausogeza mkono wa kulia, ukapita Ndiyo ukaangukia pembeni. Akajaribu tena, ukapita tena. Safari ya tatu ukafika.

Saa tano na dakika kumi simu ililia.

"Mama, habari za saa hizi. Naona kompyuta imezimika."

"Haijazimika, baba."

"Huku kwangu inaonyesha haipo."

"Ipo. Niko kazini."

Aliisikia ofisi nyuma yake, mtu akiulizia risiti. "Labda programu ina hitilafu," mkwe alisema. "Jioni nitaiweka upya."

"Haina hitilafu. Nimeiondoa mimi."

"Haya, mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetabasamu. "Kazi njema."

Jioni ile mkwe alivua viatu mlangoni, akaja, akamwamkia akiwa amesimama nje ya kizingiti, akaenda kuoga. Ikawa hivyo siku iliyofuata na ya tatu yake. Hakuna aliyekosewa adabu. Adabu zilizidi hata kuta zikajaa. Mama Nukta alisoma mwongozo wake kurasa kumi kwa siku, mkono ukifanya kazi yake, na kila alipofungua ile menyu fupi alisikia raha, kisha raha ikaingia doa.

Siku ya nne binti alikuja chumbani akiwa bado na sare za kazi, akaketi kitandani.

"Mama, mwenzangu hali chakula. Anasema amekuudhi na hajui kwa lipi. Amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi mbona umemfungia mlango?"

Mama Nukta alikuwa amejiapiza kutosema, lakini binti yake alikuwa amechoka, macho mekundu kwa zamu, na uongo ungemchosha zaidi. Akamweleza habari ya kisanduku, ya Ndiyo na Hapana, ya kuku waliofungwa. Binti alianza kucheka alipofika kwenye kuku, kisha akaona uso wa mama yake akanyamaza.

"Ungetuambia," alisema.

"Ningewaambia nini, na kila mnachofanya ni chema?"

Binti aliinuka. Alitoka, na kupitia ukutani Mama Nukta alisikia sauti zao jikoni, ya mke ikishuka, ya mume ikipanda kidogo na kushuka.

Asubuhi mkwe alifika tena kizingitini, tayari kwa kazi, mkoba begani.

"Ile Ndiyo nilibofya mimi," alisema.

"Ulibofya wewe, baba."

"Nilidhani umekwama." Aliutazama mkono wa kulia wa mama, akaacha kuutazama. "Nikiwa kule nikaona kishale kinatetemeka namna ile, siwezi kufanya kazi. Moyo unaniuma."

"Basi usikitazame."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoitarajia. Hakusema amekubali. Hakuomba radhi, naye mama hakuomba. Alisema tu kwamba akikwama apige simu, na Mama Nukta akasema atapiga. Viatu vikashuka ngazi. Baada ya hapo salamu zikarudi ndani ya chumba, ingawa si kama zamani. Alikuwa akiamkia huku macho yakikimbilia kwenye skrini, anayarudisha. Mara moja, Jumamosi, alisema amesikia kuna programu nzuri ya watu wenye mikono inayotetemeka. Kabla mama hajajibu, binti alimwita kutoka jikoni, akaenda.

Mwongozo wa mafundi umeme ulitumwa siku mbili kabla ya wakati. Wino alisema meneja aliupeleka kwa msomaji mwingine, kijana, autafute kosa, na kijana akarudi na moja: nafasi mbili baada ya koma, ukurasa wa tisini na tatu. Wakabishana kiwandani kama hilo ni kosa au si kosa. Mwishowe meneja alipiga simu. Hakutaja kupumzika. Alisema kuna kazi kubwa, historia ya shirika la reli, kurasa mia nne, na kwamba hana mwingine wa kumpa. Alimalizia kwa kumwomba asiharakishe.

Faili iliingia mchana. Mama Nukta aliibofya, akainakili, akaipa jina, kila kitu kwa pigo moja moja. Kisha akafanya hesabu. Kwa kurasa kumi kwa siku, itamchukua siku arobaini za kukaa kwenye kile kiti, mgongo kwa mlango. Wiki ya kumi na moja sasa hajashuka chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hamu ya kumwomba mtu amshushe. Kulijua hilo kulimtia woga kidogo. Akavuta kiti karibu na meza, akaanza na ukurasa wa yaliyomo, ambao tayari ulikuwa na makosa matatu.